Masista wana Bechstein ya zamani, mnunuzi anataka vigae vyeupe tu. Thamani ya piano iko wapi?

seremala_isevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu, na shikamooni mlionitangulia.

Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Isevya. Natengeneza vitanda, milango, makabati na mabenchi ya kanisa, mninga zaidi, mkongo mteja akitaka. Kwa sababu ya mabenchi hayo masista wa hapa mjini wananifahamu, na wiki hii wameniita niwaangalizie piano yao. Ni ile ya kusimama inayokaa ukutani, siyo ile kubwa ya kulala. Kwenye mfuniko wa mbele imeandikwa kwa dhahabu C. Bechstein, na chini yake Berlin. Hakuna aliye hai pale anayejua ilifikaje. Sista mkubwa anasema aliikuta alipoingia nyumba hiyo akiwa msichana.

Nikafungua mbao za mbele, juu na chini. Ndugu zangu, nimeshika randa tangu utotoni lakini kazi ile sijawahi kuiona. Kila kijiti kinachocheza kina tundu, kila tundu limezungushiwa kitambaa chekundu ndani, na pini imepita humo bila kulegea na bila kukaza. Nikatoa vibao vya kuchezea kimoja kimoja. Vimepigwa namba kwa mkono, 1 hadi 85. Nilipovipanga mezani kwa mfuatano nikaona mistari ya mti inaendelea kutoka kibao hiki kwenda kile, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maana yake vyote vimepasuliwa kwenye ubao mmoja, na aliyevipasua hakuchanganya hata kimoja. Nilikaa pale nikiviangalia mpaka sista akaniuliza kama kuna tatizo.

Matatizo yapo. Nyuma kuna ubao mpana mwembamba, nao una nyufa mbili za kwenda na mti. Sauti kadhaa hazitoki, ukibonyeza kibao kinabaki chini. Vibao vingine vimebanduka vigae vyake vyeupe, lakini masista walivihifadhi vyote kwenye kopo la biskuti.

Sasa kilichonileta hapa. Kuna bwana alikuja kwa masista akajitambulisha kuwa mnunuzi wa vitu vya kale. Akawaambia piano yenyewe ni kuni, yeye anataka zile nyeupe za juu tu, abandue mwenyewe aondoke nazo. Bei aliyotaja ingewatosha kuweka matenki mapya ya maji. Wameniuliza mimi kama fundi: je, anasema kweli?

Nikaingia mtandaoni nikazidi kuchanganyikiwa. Piano mpya ya ukumbini ya Steinway, kampuni nyingine yenye jina, inauzwa zaidi ya dola 150,000. Kwa hela yetu hiyo inakaribia shilingi milioni 400. Halafu nasoma kwamba ule ubao wa nyuma, ambao wanasema ndiyo roho ya sauti, ni mti laini, jamaa wa paina. Paina ya Sao Hill huku kwetu tunaitumia kumwagia zege! Ningependa mnaojua mnieleze kwa lugha ya ufundi. Hela yote hiyo imeenda wapi? Hii ya masista ina thamani gani? Na je, nikitoa ule ubao uliopasuka nikaweka mninga safi iliyokauka, nitakuwa nimeiboresha au nimeiharibu?

kijana_gongoni (Tabora)

Mkuu, kwa mtazamo wangu masista wauze, wanunue kinanda cha umeme chenye vibao 88 vizito. Hakitaki kutyuniwa, hakili nafasi, watoto wanafanya mazoezi kwa hedifoni bila kusumbua wanaosali. Umeme ukikatika ukiwa na betri ya sola unaendelea. Hiyo ya Mjerumani utaitafutia vipuri wapi? Nawapenda sana masista hao, wamenifundisha chekechea, ndiyo maana sitaki waingie gharama ya kitu ambacho kila kiangazi kitawarudisha kwa fundi.

binti_mwandiga (Kigoma)

Kaka seremala, kwanza hongera kwa kupanga vibao mezani na kuangalia mstari wa mti. Mimi kazi yangu ni kutyuni na kukarabati piano. Nilijifunzia Nairobi kwenye karakana ya mzee mmoja mkali sana, nikafanya naye kazi miaka mingi, na sasa nimerudi nyumbani Kigoma. Naomba nikujibu kwa urefu, kwa sababu swali la mninga nimekuwa nikisubiri mtu aliulize.

Usiweke mninga. Naipenda mninga, kitanda changu ni mninga, lakini pale haifai. Uzi wa piano ukigongwa nguvu yake ni ndogo mno na yenyewe peke yake haisikiki hata hatua chache. Inapita kwenye daraja, ule mti ulioinuka ambao nyuzi zimeulalia, inaingia kwenye ubao, na ubao mzima ndio unaosukuma hewa. Kwa hiyo unatafuta mti mgumu kupinda lakini mwepesi. Sprusi, yaani ule mti laini jamaa wa paina uliousoma, ikikauka ina kama kilo 400 hadi 450 kwa mita moja ya ujazo. Mninga ni kama 600, au zaidi. Nguvu ileile ya uzi ikikutana na mninga itaishia kuubeba uzito wa mbao badala ya kuutikisa. Utapata sauti ndogo, iliyofunikwa.

Na siyo kila sprusi. Paina ya Sao Hill inakua haraka, pete zake ni pana, umeziona. Sprusi ya piano nzuri inatoka milimani kwenye baridi, mahali mti unapoongezeka kidogo sana kila mwaka, pete zikabanana. Fazioli, watengeneza piano wa Italia walioanza mwaka 1981, wanachukua yao kwenye bonde la Fiemme kwenye milima ya Alpi. Magogo yanachaguliwa, yanapasuliwa ili pete zisimame wima kwenye uso wa ubao, kisha mbao zinakaa zikikauka muda mrefu kabla ya mtu kuzigusa. Nyingi zinakataliwa. Fundo moja dogo, au mti uliojisokota kidogo, ubao unaenda kwenye kazi nyingine. Hapo tayari umeanza kuona hela ilikokwenda: kuna mbao walizozilipia wakazitupa, na kuna miaka waliyoilipia wakisubiri.

Ule ubao siyo bapa. Chukua kamba nyembamba ndefu, ikaze nyuma yake kufuata mbavu, vile vijiti vilivyobandikwa kukatiza ubao, utaona nafasi ndogo katikati, kwa sababu ubao umevimba kidogo kuelekea kwenye nyuzi. Wameutengeneza hivyo makusudi, kwa kuzipa mbavu mkunjo, ili usukume juu dhidi ya nyuzi zinazousukuma chini. Na hauna unene mmoja. Kwenye Steinway, kwa mfano, kuna utaratibu waliousajili mwaka 1936 ambapo ubao una milimita kama 9 katikati na unapungua hadi 5 hivi ukingoni. Wewe unajua ilivyo kazi kuranda ubao mkubwa unene upungue taratibu kila upande bila kuacha bonde.

Halafu kuna mvutano. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na zote kwa pamoja zinavuta tani 18 hadi 20, mchana na usiku, hata kama hakuna anayecheza. Ndiyo maana ndani kuna ile fremu nzito ya chuma. Zamani fremu zilikuwa za mbao na hazikuweza kubeba hivyo. Mmarekani Alpheus Babcock alisajili fremu ya chuma ya kipande kimoja mwaka 1825, na kuanzia hapo nyuzi zikaweza kuwa nene na kukazwa zaidi. Pini za nyuzi nazo zimeshikwa na mbao ngumu zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, mti wa kila tabaka ukikatiza wa mwenzake. Hazina skrubu wala nati. Ni msuguano wa mti na chuma tu. Tundu likikosea kidogo sana, pini inateleza na sauti inashuka.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwangu ndicho kinachotenganisha piano nzuri na piano bora, na ambacho hutakiona kwa macho hata uifungue yote. Ni nyundo.

Kila nyundo ina kichwa cha sufu iliyoshindiliwa kwa nguvu kuzunguka mti. Sufu ya nje imevutwa, ya ndani imebanwa. Ukipiga taratibu, uso laini unagusa uzi na sauti inatoka ya duara. Ukipiga kwa nguvu, ile sehemu ngumu ya ndani inaamka na sauti inang'aa. Mchezaji anapata rangi zote hizo kwa kidole kilekile. Lakini haitokei yenyewe. Fundi anakaa na sindano tatu zilizofungwa kwenye mpini, anachoma sufu mabegani mwa nyundo, anasikiliza, anachoma tena, au anapitisha msasa mwembamba sana kwenye pua ya nyundo, anasikiliza. Nyundo moja baada ya nyingine, hadi zote ziseme kwa sauti ya familia moja bila hata mmoja kupayuka. Ukichoma mahali pasipo sahihi umeiua nyundo hiyo, hairudi. Mzee wangu alinikataza kugusa sindano mpaka nilipoweza kumwambia, nikiwa nimefumba macho, nyundo ipi imechomwa na ipi bado. Kazi hiyo haina mashine. Kwenye kiwanda kizuri wanaoifanya ni wachache, na wengi wao wameanza wakiwa vijana wakazeekea hapohapo.

Ndiyo maana kila jina kubwa lina sauti yake. Bösendorfer ya Vienna, walioanza mwaka 1828, wanatumia sprusi hata kwenye kuta za piano, kwa hiyo mwili mzima unashiriki na sauti inakuwa na kina cha giza, besi zake unazisikia kifuani. (Piano yao kubwa, Imperial, ina vibao 97!) Steinway wa New York na Hamburg wanafanya kinyume: kuta zao ni mbao ngumu zilizokunjwa kwa tabaka, njia waliyoisajili mwaka 1880, ili nguvu isipotelee ukutani bali irudi kwenye ubao. Sauti inabeba, inavuka okestra nzima. Blüthner wa Leipzig wana uzi wa nne kwenye sauti za juu ambao nyundo haiugusi kabisa, unaitikia tu wenzake. Na Bechstein, hiyo yako, kampuni ilianza Berlin mwaka 1853, mwaka uleule wa Steinway na Blüthner. Bechstein nzuri ya zamani ina sauti safi, haikulemei, kila noti inasikika hata ukibonyeza nyingi pamoja. Kwa kuimbisha watoto sijui piano inayoizidi. Sauti ya mtoto haifunikwi.

Sasa bei, na hapa nitasema jambo ambalo mnunuzi wenu amelipindisha. Fidla ikizeeka inaweza kupanda bei. Piano haiko hivyo. Ile mizigo ya tani 20 inaichosha, ubao unapoteza mvimbo, sufu inaliwa. Huko Ulaya piano za kusimama za umri huo, hata zenye majina mazuri, mara nyingi watu wanazitoa bure ilimradi uzihamishe. Kwa hiyo masista wasiote milioni. Lakini kutoka hapo hadi "kuni" ni mbali sana. Kama fremu haina ufa na pini zinashika, hiyo ni ala ambayo ukitaka mpya ya daraja lake utalipa bei ya nyumba. Bei ya kuuza ni ndogo, bei ya kuipata tena ni kubwa. Vigae vikibanduliwa, vibao vitabaki mti mtupu, tofauti na vile vyeusi, urefu wa kushuka utabadilika, na hakuna mtoto atakayefundishika juu yake. Vipande 85 vilivyotoka kwenye ubao mmoja vitakuwa vimeuawa kwa ajili ya gamba la milimita moja.

Kuhusu nyufa, usiogope. Ubao kupasuka kwa kwenda na mti ni kitu cha kawaida kwenye nchi yenye kiangazi kama cha Tabora. Kinachoua sauti ni mbavu kubanduka. Naomba ukaangalie mambo haya kisha urudi hapa. Mtu abonyeze sauti za katikati kwa nguvu, wewe ukiwa nyuma umeweka kiganja kwenye ubao, usikilize kama kuna mlio wa kutetema, na kila unapoupata bonyeza ubavu ulio karibu uone kama mlio unakoma. Pitisha karatasi nyembamba kati ya mbavu na ubao. Ikiingia mahali, weka alama kwa penseli. Angalia miguu na mbao za chini kama mchwa wamefika. Angalia kama nondo wamekula sufu. Tafuta namba ya kiwandani, itakuwa juu kwenye fremu ya chuma. Kwa namba hiyo mwaka wa kutengenezwa unajulikana. Pini za nyuzi usiziguse kabisa, na usikubali mtu azipake mafuta ya aina yoyote. Pini iliyoingia mafuta haishiki tena.

@kijana_gongoni, hoja yako ya nafasi na hedifoni ni ya kweli, na kwa mtoto anayeanza nyumbani kinanda cha umeme kinamfaa. Ila sauti unayoisikia kwenye vinanda vizuri vya Yamaha wameirekodi kutoka kwenye piano zao kubwa za ukumbini na kutoka kwenye Bösendorfer. Ni picha nzuri ya piano. Masista wanayo piano yenyewe, na kinanda cha umeme ubao wake mkuu ukiungua hapa Tabora hakuna anayeutengeneza. Hiyo Bechstein kila kipande chake kinaweza kutengenezwa na mtu mwenye patasi, kitambaa na gundi.

mwl_historia_ujiji (Kigoma)

Nimesoma hadi mwisho. Binti amemaliza upande wa ufundi, mimi niongeze upande wa vile vigae, kwa kuwa vinatuhusu sisi wa njia hii kuliko watu wengi duniani.

Kama piano ni ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vigae vile kuna uwezekano mkubwa ni pembe ya ndovu. Seremala ataijua. Aangalie kama kila kigae ni vipande viwili, kipana cha mbele na chembamba cha nyuma kinachopita kati ya vyeusi, na mstari mwembamba sana pale vinapokutana. Kisha akiinamishe kwenye mwanga, ataona mistari kama ya mti isiyonyooka kabisa. Plastiki huwa kipande kimoja na haina mistari hiyo.

Pembe hizo zilipita hapa. Karne ya 19 misafara ilivuka ziwa hadi Ujiji, ikapita Uvinza na Malagarasi, ikapumzika Tabora, kisha Bagamoyo na Zanzibar. Wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi, wapagazi wa kulipwa, na pembe nyingine zilibebwa na watu waliotekwa. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa na watengeneza piano kwa kuwa ni laini kupasuliwa na haipasuki ovyo. Sehemu kubwa ilikwenda Marekani, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton kule Connecticut, ambako viwanda vilikata pembe kuwa vigae na kuvianika kwenye nyumba za vioo ili jua livifanye vyeupe. Wajerumani nao walinunua. Kampuni ya pembe ya Meyer ya Hamburg iliweka wakala wake Tabora kwenyewe, naye aliuawa hapohapo mwaka 1886. Nikiwafundisha wanafunzi wangu habari ya misafara huwaambia waangalie ile miembe ya Ujiji iliyo kwenye njia ya misafara. Sasa nitawaambia pia kwamba Tabora kuna chumba ambamo pembe imerudi ilikopita, ikiwa juu ya kibao cha kuchezea, na watoto wanaigusa kwa vidole. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu tembo aliuawa na mtu alibeba, na hatuyajui majina yao.

Sasa sheria, na naomba masista waichukulie kwa uzito. Mwaka 1989 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizopendekeza hivyo. Marufuku ikaanza mwaka 1990. Hapa ndani, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe ni nyara ya serikali. Kuuza, kununua au kuwa nayo bila kibali ni kosa lenye kifungo cha miaka mingi. Sheria haibagui pembe mpya na pembe iliyogandishwa kwenye piano ya babu. Yule bwana anayetaka abandue aondoke, akikamatwa barabarani atasema amenunua kwa masista.

Ushauri wangu: wasimuuzie, na wasikae kimya. Sista mkubwa aandike barua, aende kwa afisa wanyamapori, aeleze kwamba nyumba yao ina piano ya zamani yenye vigae vya pembe, apate maelekezo ya maandishi. Hata kazi ya kubandika vile vya kwenye kopo ingojee barua hiyo.

seremala_isevya (Tabora)

Asanteni sana, dada, mwalimu na kijana. Nimerudi kwa masista na tochi.

Vigae ni vipande viwili kama mwalimu alivyosema, na mistari ipo. Sista mkubwa nimemsomea maneno yako yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akaagiza lile kopo lifungiwe kabatini na ameshaandika barua. Yule bwana alipiga simu tena, wamemjibu kwamba hawauzi.

Namba nimeipata juu kwenye fremu, nimeinakili. Fremu nimeipitia kwa kidole kila mahali, haina ufa. Mchwa walijaribu mguu mmoja wa kushoto lakini hawakufika ndani, wamekula unene wa kucha tu. Nondo wamekula kitambaa chini ya vibao, sehemu za juu zaidi. Nyundo zina mistari ya nyuzi iliyozama lakini sufu bado nene. Karatasi imeingia kwenye mbavu mbili upande wa chini kulia, urefu wa kiganja kila moja, na nilipobonyeza ubavu mmoja ule mlio ulikoma mara moja. Nilifurahi sana.

Vile vibao vinavyobaki chini, nimeona sababu. Kile kitambaa chekundu kimevimba, pini haipiti vizuri. Sikugusa kitu.

Maswali yangu yamebaki mawili. Mbavu nibandike kwa Ponali, ile gundi nyeupe ya mbao? Na kiangazi cha hapa kiko pale pale, mwezi wa tisa mbao zangu mwenyewe zinapiga kelele usiku karakana nzima. Nitaikinga vipi?

binti_mwandiga (Kigoma)

Kaka, hizi ni habari njema kuliko nilivyotarajia. Piano hiyo ni nzima.

Ponali hapana. Iliyoishika ni gundi ya ngozi, ile ya kupashwa moto, na inashika ila siku fundi mwingine akitaka kuifungua inaachia kwa joto na unyevu. Ponali ikishaingia kwenye mti haitoki, na gundi ya ngozi haitashika tena juu yake. Nitakuja na ya kutosha. Ufa wenyewe tutaujaza kwa kijiti chembamba cha sprusi kilichochongwa kabari. Ninavyo vipande vya ubao wa piano iliyokufa, nimevitunza kwa kazi kama hii. Tutafanya hivyo mwishoni mwa kiangazi, ufa ukiwa wazi kabisa, ili mvua zikianza ubao ukitanuka ujikaze wenyewe.

Vibao vinavyobaki chini unaweza kuanza sasa. Chukua koleo la midomo bapa, ivishe midomo yake ngozi laini, minya kitambaa kidogo tu pande zote mbili za tundu. Usikate, usipake kitu. Kibao kikidondoka chenyewe kwa uzito wake, acha hapo.

Kuhusu kiangazi: mti unatanuka na kunywea kwa upana wake, kwa urefu karibu hautikisiki, hilo unalijua. Ubao ukinywea, mvimbo unashuka na sauti zinashuka nao, za katikati zaidi. Masika zinapanda. Hatuwezi kuzuia, tunaweza kupunguza kasi. Ihamisheni kutoka ukuta wa nje kwenda ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jua la jioni. Chini, ndani ya piano, wekeni chupa ya mdomo mpana yenye maji na kitambaa juu ya mdomo ili mbu wasizaliane, mwezi wa sita hadi mvua za kwanza, kisha mtoe. Wazee wetu wa kazi hii walifanya hivyo na inasaidia. Kutyuni tufanye mara moja kwa mwaka, mwezi uleule kila mwaka, mvua zikiwa zimekolea na hewa imetulia.

Na mninga yako nimeipatia kazi. Nitengenezee vikombe vinne vya kuwekea magurudumu ya piano, vizito, vyenye ukingo wa sentimita tatu na kitako kipana, uvipake dawa ya mchwa kwa chini. Mchwa akitaka kupanda tena atapitia nje tutamwona. Ule mguu ulioliwa ukwangue hadi ufikie mti mzima, usiujaze, nataka niuone kwanza.

Niandikie namba ya fremu kwa ujumbe wa pembeni nitafute mwaka wake. Mwambie sista mkubwa gharama yangu ni nauli ya treni, chakula na vifaa, mengine tutazungumza nikifika. Nitapanda ya kutoka Kigoma wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi kama barua ya wanyamapori itakuwa imejibiwa. Kama haijajibiwa bado nitakuja, tutafanya ubao na mbavu, na lile kopo libaki kabatini lilipo.